Je, kaunti ipige marufuku sigara na vepu pale Mama Ngina na bustani zetu nyingine?

MjiWaKale (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum wana jukwaa, na wakubwa shikamooni.

Naona serikali ya kaunti ya Mombasa ipige marufuku kuvuta sigara na vepu (zile sigara za kielektroniki) kwenye bustani za umma. Nasema Mama Ngina Waterfront, Uhuru Gardens pale kwenye Pembe, Treasury Square, na ufuo wa Pirates kule Bamburi. Sisemi mji mzima wala barabarani. Bustani na ufuo, basi.

Kwanza upepo. Mwenye kwenda Mama Ngina msimu wa kusi anajua upepo ule unatoka baharini kuja nchi kavu. Wavutaji nao hupenda kukaa ukutani, uso baharini, mgongo kwa watu. Hatua chache nyuma yao ndipo familia zimetandika mikeka, sahani za mihogo na ndimu katikati, watoto wanafukuzana. Chochote anachotoa mdomoni yule wa ukutani kinatua kwa hawa wa mkekani. Mkiniambia "niko nje bwana, moshi unapotea", nitawajibu kwa vipimo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima moshi wa sigara nje ya nyumba. Ukiwa karibu nusu mita na mvutaji, upande upepo unakoelekea, kiwango chake huweza kufanana na cha ndani ya chumba. Ukisogea zaidi ya mita mbili kinashuka sana. Haya, Jumapili jioni pale Mama Ngina nani ana mita mbili za kusogea?

Pili vipisi. Kichungi cha sigara si pamba, ni plastiki iitwayo selulosi asetati. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi na fuo zilizo ndani yake. Chupa ya maji wanakunyang'anya getini mwa hifadhi, lakini ukiinama chini ya mibuyu pale Mama Ngina utaokota vichungi kwa gao. Mvua ikinyesha vyote vinaingia mtaroni, na mtaro unajulikana unakokwenda.

Tatu vepu. Wenye kuvuta vepu pale si wazee. Ni vijana wa sekondari, wengine na sare zao, na ile harufu ya embe na peremende ndiyo inayowavuta wadogo zao.

Kinachonitia wasiwasi ni kimoja tu: nani atasimamia? Nataka kusikia kwenu.

---

FegiMojaTu

Dada MjiWaKale, mimi ni mvutaji na ni dereva wa tuktuk, kwa hiyo najua uzi huu umeandikiwa watu kama mimi. Sikasiriki. Ila niulize.

Nyumba yangu ni chumba kimoja Majengo. Ndani mna mke na watoto watatu. Ndani sivuti, hilo niliapa tangu wa kwanza kuzaliwa. Uani pia kuna wapangaji wenzangu na watoto wao. Barabarani abiria analalamika. Sasa pale Mama Ngina, usiku saa nne, watu wamepungua, nakaa ukutani navuta moja yangu. Ukinifukuza pale umenipeleka wapi? Ukweli ni kwamba utakuwa umenirudisha chumbani. Wewe utapata hewa yako safi ya Jumapili, na watoto wangu wataulipia usiku kucha.

Marufuku hizi siku zote huandikwa na mtu mwenye baraza kwao.

---

Kachri_na_Pilipili

Hapo kwenye baraza umepiga penyewe 😂

Na mimi nina swali la kitaalamu: ule moshi wa makaa wa mama wa mihogo, na wa mishikaki, huo upepo wa kusi unaupeleka Lamu?

---

NesiKisauni

Kaka FegiMojaTu, hoja yako ni nzito kuliko zote nilizosikia upande wa wavutaji, na nitaijibu kwa heshima. Nafanya kazi wodi ya watoto. Kifua cha mtoto anayeishi na moshi nakijua kwa sikio kabla sijashika kipimo.

Hofu kwamba ukikataza hadharani watu watahamia ndani imeshachunguzwa. Scotland walipokataza kuvuta ndani ya maeneo ya umma, Machi 2006, wengi walisema maneno hayo hayo yako. Watafiti wakapima mate ya wanafunzi wa darasa la mwisho la msingi, kabla na baada, wakitafuta kotinini, alama inayoachwa na nikotini mwilini. Ilishuka kwa asilimia 39. Haikupanda. Inaelekea watu wakishazoea kutovuta mbele za watu, nyumbani nako wanaanza kutoka nje.

Lakini sitakudanganya. Ile ilikuwa marufuku ya ndani ya majengo, mikahawa na baa, na Waskoti walibaki na nje ya kwenda. Wewe unaongea habari ya kunyang'anywa hiyo nje yenyewe. Kwa hiyo jibu la Scotland linanisaidia nusu tu.

Kachri, moshi wa makaa nao ni sumu, mama wa mihogo ndiye wa kwanza kuumia. Hilo lina uzi wake. Tofauti ni kwamba mihogo inaliwa na wote tuliopo pale, sigara anakula mmoja.

---

WakiliMtaani

Tuweke sheria sawa kabla hatujafika mbali.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 tayari inakataza kuvuta mahali pa umma, faini hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Shida ni kwamba uzito wake uko kwenye sehemu zilizofungwa au zilizofunikwa kiasi: ofisi, hospitali, hoteli, matatu. Bustani ya wazi ndipo watu wanapobishana. Na ilitungwa kabla vepu hazijafika nchini, ndiyo maana mvutaji wa vepu anakutazama machoni na kukupulizia.

Je, kaunti ina mamlaka? Someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili. Kazi za kaunti zimetajwa: kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero za umma, kudhibiti dawa za kulevya, na kusimamia bustani za kaunti, fuo na sehemu za burudani. Mlango uko wazi.

Sasa kumbukeni muguka, yale majani ya kutafuna. Mei 2024 gavana wetu aliipiga marufuku Mombasa nzima, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Wakulima wa Embu wakaenda mahakamani, amri ikasimamishwa, na Rais naye akasema marufuku ile haina nguvu kwa sababu zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa. Kaunti ikiamka kesho ikasema "hakuna sigara Mombasa", itakwama pale pale. Lakini ikisema "bustani hii ni yetu, na ndani ya uzio huu hakuna kuvuta", hiyo ni kanuni ya matumizi ya mahali, haigusi uuzaji. Ni vigumu zaidi kuiangusha. Na hao wenye viwanda vya sigara watajaribu, msidhani watanyamaza. Kanuni za tumbaku za 2014 walizipinga mahakama baada ya mahakama hadi Mahakama ya Juu ilipozitupa hoja zao Novemba 2019. Miaka yote hiyo kwa ajili ya kanuni.

---

KofiaYaZamani

Nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Nilikuwa askari wa kaunti, mji sitautaja, nimestaafu.

Mtu akivuta sigara pasipotakiwa, utaratibu ni umkamate, umpeleke ofisini, aandikiwe, apelekwe kortini. Kazi ya nusu siku kwa kipisi kimoja. Sasa wewe askari una mshahara unaochelewa, na huyu bwana ana tai, anakimbilia kazini, anajua faini inaweza kufika elfu hamsini. Anakwambia, "Mzee, tuongee." Mtaongea. Mia tano, elfu moja, mwisho hadi mnaitana majina. Tulikuwa na wenzetu waliokuwa wanajificha nyuma ya kibanda karibu na pale walipojua watu hutoka kuvuta, wanangoja mtu awashe. Hawakuwa na haja ya kuzuia moshi. Moshi ukiisha, chakula kimeisha.

Faini ikiwa kubwa, hongo inakuwa kubwa. Ndiyo hesabu yake. Nasema hivi si kwa kuwachukia wenzangu, nasema kwa sababu dada ameuliza nani atasimamia. Jibu langu: mtu yeyote asiyekuwa na pingu wala gari.

---

FegiMojaTu

Mzee Kofia, Mungu akuweke. Mimi nimeshaingizwa kwenye lile gari, mji mwingine huo nao sitautaja. Tulizungushwa mtaa hadi mtaa mpaka kila mmoja alipopata wa kumtumia pesa kwa simu. Nikashuka mfuko mtupu, na kitu cha kwanza nilichofanya nikatafuta duka nikanunua sigara moja. Wallahi.

---

Kachri_na_Pilipili

Na sigara moja moja hairuhusiwi kuuzwa kwa sheria hiyo hiyo ya 2007. Kwa hiyo sheria ilivunjwa na muuzaji, na wewe, na aliyekukamata, kisha wote mkarudi kazini.

---

Mtu_wa_Shangani

Nawasalimu kutoka Unguja. Sisi tuna Forodhani, ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009, na tatizo ni lilo hilo. Jioni vijana wanapiga makachu, ule mchezo wa kujirusha baharini, watu mamia wamekaa ukingoni kutazama, na kati yao wapo wanaovuta. Mtalii anavuta, mwenyeji anavuta, na mtoto wa shule yupo katikati yao.

Tanzania Bara walipiga marufuku shisha 2016, nyinyi Kenya mkafuata Desemba 2017. Mwangalie wenyewe imebaki wapi na imejificha wapi. Ndiyo maana mimi kwa marufuku hizi huwa nina moyo baridi. Ila niseme jambo moja: kwetu pale mtu akiambiwa na mzee "mwanangu, hapa pana watoto", mara nyingi huzima. Anazima na kusema samahani. Mgeni kadhalika, ukimwambia kwa adabu. Hakuna sheria iliyofanya hivyo. Bango tu lingempa yule mzee kitu cha kuonyesha kwa kidole.

---

Mtoro_wa_Lyon

Mimi niko Ufaransa, asili yangu Bombolulu, na hili limetupata juzi juzi. Tangu mwisho wa Juni 2025 ni marufuku kuvuta kwenye bustani za umma, fuo wakati wa msimu wa kuogelea, vituo vya basi vyenye paa, na karibu na shule, maktaba na viwanja vya michezo. Faini euro 135.

Mambo mawili ya kwenu kujifunza. Moja, waliacha viti vya nje vya mikahawa. Mfaransa mnyang'anye kila kitu lakini si sigara yake na kahawa barabarani. Kwa hiyo mvutaji bado ana pa kwenda, na ndiyo maana hakukuwa na vita. Kaka FegiMojaTu aangaliwe kwa jicho hilo. Mbili, vepu waliziacha nje ya amri hiyo. Matokeo ninayoyaona mimi bustanini karibu na kwangu: vijana wenye vepu wanakaa chini ya bango lenyewe la kukataza sigara. Kisheria hawana kosa. Mkiandika yenu, andikeni vyote viwili tangu siku ya kwanza, msije mkarudi kuongeza.

New York nao walikataza kwenye bustani na fuo zao 2011. Faini dola 50, na kazi wakawapa watu wa idara ya bustani, si polisi. Mzee Kofia angefurahi.

---

BabaZuhura

Mimi napinga vepu kuwekwa fungu moja na sigara. Niliacha sigara kwa vepu. Mvuke wake hauna lami, hauna ule moshi wa kuungua. Mkiniweka pamoja na mvuta sigara mnaniambia ni yale yale, basi si bora nirudi?

---

NesiKisauni

Baba Zuhura, kuacha sigara nakupongeza kwa dhati, na kweli mvuke una sumu chache kuliko moshi. Lakini una nikotini na chembe ndogo ndogo mno, na anayekaa karibu nawe anavivuta bila kuulizwa. Kwa mama mjamzito nikotini si kitu cha kuambiwa "ni kidogo".

Na kuna jambo ambalo si la mapafu. Wewe una umri, umetumia vepu kutoka. Yule wa kidato cha pili anaitumia kuingia. Bustanini hawezi kutofautisha wewe na yeye mna safari gani, anaona tu mtu mzima anapuliza wingu la harufu nzuri na watu wanacheka. Halafu zile za kutupa zina betri za lithiamu ndani. Uingereza walizipiga marufuku kuuzwa Juni 2025, na takataka ilikuwa sababu mojawapo kubwa. Sisi tutazifukia wapi?

---

BabaZuhura

Betri nakubali. Yangu naichaji, situpi. Kwa mjamzito nakubali pia. Kwa mtu mzima mwenzangu aliyekaa mita kumi, hapana, hapo hamjanishawishi.

---

MjiWaKale

Ahsanteni, nimesoma yote, na nimetoka na msimamo uliobana zaidi kuliko niliokuja nao.

Marufuku bado naitaka. Lakini naitaka bila faini ya kubeba mtu kwenye gari. Wasimamie wafanyakazi wa bustani, wale wale wanaofagia, maana vipisi ni wao wanaoviokota. Mtu aambiwe azime au asogee. Akikataa aombwe kutoka nje ya uzio. Anayerudia na kutukana, huyo ndiye aitiwe askari, kwa kosa la kuleta fujo, si kwa sigara.

Na kaka FegiMojaTu apate sehemu yake. Sisemi kile kibanda cha kuwafungia watu kama kuku ilivyo kwenye miji mingine, wanatoka humo wananuka kuliko walivyoingia. Kona ya wazi, upande ambao upepo hauji kwa watu, pipa la mchanga, basi.

WakiliMtaani, tunapitia wapi? Tukimngoja mwakilishi wadi atuamkie tutazeeka.

---

WakiliMtaani

Ombi kwa Bunge la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge hilo litunge, libadilishe au lifute sheria. Huhitaji wakili, hata mimi nisiwepo. Andika unachotaka, kwa nini, umekwenda wapi kabla ya hapo, na kwamba hakuna kesi mahakamani juu ya jambo hilo. Kisha sahihi. Zikiwa nyingi hawana pa kujificha, na wakifika hatua ya kusikiliza maoni ya umma, wavutaji waje nao. Nasema kwa makusudi. Sheria ndogo nyingi huanguka kortini kwa sababu umma haukushirikishwa, si kwa sababu ni mbaya.

Ila kuna tundu kwenye pendekezo lako. Ukiondoa faini kabisa, mfagiaji anamwambia mtu atoke kwa nguvu gani? Weka faini ndogo kwenye maandishi, shilingi mia tano, ilipwe kwa simu kwenye nambari ya kaunti na kutoa risiti, pesa taslimu zikatazwe.

---

KofiaYaZamani

Mia tano ikilipwa kwa simu, na risiti, hiyo haina nyama ya kugawana. Mtaona wenyewe askari hawaji hata kuangalia. Nakubali.

Na mabango yawe mengi na makubwa, Kiswahili kwanza. Hakimu huuliza, "Bango lilikuwa wapi?" Nimeona kesi zikifa kwa swali hilo.

---

Kachri_na_Pilipili

Mabango yakiwekwa Jumatatu, Jumatano yameshauzwa vyuma chakavu. Pakeni rangi ukutani.

---

FegiMojaTu

Haya, nitatia sahihi, ila kwa sharti. Hiyo kona ni wapi? Maana mkiniambia kule nyuma ya vyoo, sitii. Mimi nataka ukuta ule wa mwisho, upande wa kuelekea feri, pale wanapokaa wavuvi wa mshipi. Watoto hawaji pale, akina mama wanawakataza kwa sababu ya mawe.

---

MjiWaKale

Kusi ikipiga, moshi wa pale unakwenda wapi?

---

FegiMojaTu

Barabarani, kwenye magari yaliyoegeshwa. Nimevuta pale miaka, ningejua kama kuna mtu anayelalamika.

---

NesiKisauni

Na kaskazi ikigeuka?

---

FegiMojaTu

Kaskazi nitavuta nikiwa nimekaa upande wa pili wa wavuvi. Sista, nao wanavuta.

---

MjiWaKale

Nitakwenda kupaangalia Jumamosi alasiri na tepu ya kupimia. Mwenye nafasi aje. Baba Zuhura, njoo na hizo mita kumi zako.